Neno la Kigeni Lililokaa Barazani

Saa mbili na nusu asubuhi Mwanapili alitia karatasi kwenye mashine ya chapa. Mwaka ule wa 1971 alikuwa akifasiri fomu za Kiingereza za mahakama moja ndogo ya mjini, na kila neno lenye asili ya Kifaransa au Kilatini, akilichapa, hutokwa na mzee wake. Jumatatu "curfew", amri ya kutotoka nje usiku, lilimtoa bibi wa Kifaransa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la kahawa akafukia makaa kwa jivu, maana kwao neno hilo ni funika moto. Machano, tarishi, alimpa shikamoo, akawasha upya.

Jumatano ikafika zamu ya "verdict". Akatoka mzee wa Kirumi, kajitanda shuka, miguu vumbi tupu.

"Shikamoo, babu. Asili yako nini?" Mwanapili alimwuliza.

"Marahaba. Mimi ni wa Kweli na Kusema, mwanangu. Hao ndio walionizaa."

Machano akammiminia kahawa; mgeni haulizwi haja yake hajanywa. Baada ya vikombe viwili mzee akataka jalada atakaloandikwa ndani yake. Lilikuwa la Msabah, seremala wa Kikwajuni, jirani yake Mwanapili, aliyeshitakiwa magendo ya karafuu. Karatasi ile iliyo mashineni ikichapwa, ni miaka mitano.

Mzee alisoma akilamba kidole.

"Shahidi kasema kamwona huko pwani ya Chwaka Jumamosi. Kweli?"

"Jumamosi alikuwa kwetu, anamtengenezea mama mlango. Nliwaambia. Hawakuandika."

"Basi mimi humu siingii."

Akachukua kikombe chake, akaenda kukaa barazani. Kwenye karatasi, penye neno lake, pakabaki peupe.

Bwana Silima, mkuu wa afisi, alichungulia nje, akamwamkia mzee, akarudi.

"Mwite aingie."

"Hataki, bwana."

"Haya, we msomi wa diploma, tia neno letu. Andika hukumu."

"Lugha yangu si jaa la kutupia uwongo."

Bwana Silima akaketi, akalichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Hakutoka mtu. Saa sita Msabah alipitishwa kwenda kwenye gari la jela, na mzee wa Kirumi akakunja miguu kumpisha. Msabah akamwambia ahsante.

Mzee hakuondoka tena. Wenye kesi walimzoea, wakawa wanamwachia nafasi kivulini.

"Kesho nnataka barua yako ya kuomba radhi," alisema Bwana Silima jioni ya Jumatano ile, akifunga dirisha.

"Siombi," akasema Mwanapili. "Kesho wala mtondo."