Mcheri Uliokosa Usingizi

Jana usiku niliota nimeingia jikoni mchana kweupe, nikaukuta mcheri wa mama umekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, unakunywa chai ya rangi. Mizizi umeikunja kwa adabu. Mabegani umejitanda blanketi langu.

Blanketi nililijua. Hapa Njombe mwezi wa saba si mchezo, majani yanaamka na barafu, na mimi kila jioni naufunika mcheri ule usije ukafa. Ni kichaka tu cha cheri, kile cha maua, si cha matunda. Mama alikinunua kwa kijana wa miche aliyetuapia kwamba maua yatakuwa meupe. Mpaka leo halijatoka hata moja. Na mama, jamani, macho yake yanakwenda. Tangu Krismasi hajataja rangi ya kitu chochote. Anataka ayaone maua yake kabla giza halijamfunga kabisa, na mimi nataka kuliko yeye.

"Kamwene, mcheri," nasalimia.

"Kamwene, dada Fidea. Nimekuja kushtaki. Tangu nihamie kwenu sijapata lepe la usingizi. Niko macho."

Nautazama. Kweli. Kila kijicho cha tawini, pale ua linapotokea, ni jicho kabisa, lina kope, na ni jekundu kwa uchovu. Yote yananikodolea mimi. Nikaona haya, nikajifunga khanga upya.

"Nilidhani unapenda kuota moto," nasema.

"Kuota moto ni mambo yenu. Sisi tunaota ndoto, tukiamka zimekuwa maua. Sasa asiyelala ataota nini? Na bila baridi silali. Muulize mwenyewe, yuko nje anangoja."

Nafungua mlango. Nje si uani tena, ni kliniki ya macho, ile ile anakotibiwa mama, na mabenchi yake. Baridi amekaa benchi la mbele: mzee mrefu, koti mpaka magotini, mabuti ya mvua, kofia mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kila jioni napiga hodi kwenu, kila jioni nakuta blanketi. Nimewakosea nini?"

"Utauua mti wa mama."

"Nitaulaza," anasema. "Watu wengi huwa hawatofautishi."

Huyu akiwa mwongo, mama hatayaona maua yake maisha. Nikageuka, na kumbe mama yupo benchi la nyuma, kadi ya kliniki mapajani, anangoja kuitwa.

"Mama, nifanyeje?"

"Mvue mtoto blanketi, we Fidea. Husikii anavyolia joto?"

Mcheri ulikuwa umenifuata, umesimama mlangoni. Nikalivuta. Baridi akainuka, akaingia katikati ya matawi na mabuti yake, akaanza kuyafumba yale macho moja moja kwa kidole gumba, taratibu, hana haraka na mtu. Kila jicho likifumbwa linaguna kidogo, kama mtoto aliyeshiba. Lilipofumbwa la mwisho, kliniki nzima ikanyamaza. Hata saa ya ukutani ikaacha kulia.

Halafu yakafumbuka yote kwa pamoja.

Jamani, niseme nini? Paa liliondoka bila kelele. Maua yakapanda mpaka nikakosa pa kutazama, na si meupe, ni ya pinki, pinki ambayo sijaiona hata kwenye harusi za wenye nazo. Baridi mwenyewe akashika kofia kifuani. Mimi nikapiga magoti pale sakafuni nikalia kwa furaha, na mama akawa ananyoosha kidole tu: "Lile, na lile, na lile pale."

Nikaamka. Kumekucha, mama anakohoa chumbani kwake. Nikateremsha mguu, ukakanyaga kitu cha baridi. Ni blanketi, lile nililoufunikia mcheri jioni, limekunjwa vizuri kando ya kitanda changu. Barafu bado imo kwenye mikunjo. Juu yake kuna jani moja la ua, dogo kama ukucha.

Nikampelekea mama lile jani, nikamwekea kiganjani. Alilisogeza karibu na uso wake, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Yule kijana alitudanganya," akasema. "Kumbe ni pinki."