Cherehani ya Fundi Kesho

Kazi yangu ni kupima mitaa iliyopigwa na maafa imeinuka kiasi gani. Naangalia paa, maji, watoto shuleni, maduka. Machozi siyapimi. Yaliyopita si ndwele, ndivyo tunavyosema ofisini. Mtaa ukifaulu, katapila linalochimba tope linahamia kwa wenye shida zaidi.

Mtaa huu ulioangukiwa na mlima ulibakiza kitu kimoja tu ufaulu: duka lililo wazi. Na cherehani ya fundi ilisikika tangu asubuhi, mpaka mwisho wa barabara. Niliingia dukani nikiwa nimeshaamua.

Walimwita Fundi Kesho, maana hajawahi kumpa mtu nguo siku aliyoahidi.

"Hongera, baba. Biashara imerudi."

"Mke wangu bado yumo humo," akasema, akionyesha tope kwa kidevu, huku miguu ikiendelea kukanyaga. "Mkifaulisha mtaa, nani atamchimbua?"

Nilimwonea huruma, nikajiona mwema. "Basi funga leo tu. Nitaandika duka limefungwa."

"Nifunge?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Macho yake yalishakufa zamani, mwanangu. Akitoka kisimani anafuata mlio huu mpaka mlangoni. Nikinyamaza, atapita."

Nilitaka kumwambia kwamba wafu hawafuati mlio. Badala yake nikainamia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, nipate pa kutazama. Kilikuwa vitundu vitupu, mstari juu ya mstari, kimelegea kama chandarua kikuukuu. Uzi hamna.

"Unamshonea nani, baba?"

"Sishoni. Nguo ikiisha itabidi nisimame."

Niliogopa, sifichi. Nikaandika kwamba hapa hakuna biashara, mtaa ukafeli, na hapo hapakuwa na uongo wowote. Fundi hakuuliza nimeandika nini. Aliendelea kukanyaga.

Nje, katapila lilikuwa likinguruma juu ya tope, na kwa mara ya kwanza kelele ile ikanikera. Nikampungia dereva mkono.

"Kaka, hebu zima kidogo."

"Kuna nini, dada?"

Mimi, mtu wa alama na asilimia, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mama hasikii cherehani."

Hakucheka. Alizima, akavua kofia, na wachimbaji wote wakageuka kutazama pale kilipokuwa kisima.