Hodi kwa Chipu ya Tatu

Kwaraaa! Kimya kidogo. Kwaraaa!

Cheche, kichwa kikiwa nyuma ya kabati la mitambo, hakuhitaji kugeuka ili kujua ni selotepu. Binamu yake, mtunza stoo, alikuwa anaimarisha sanduku.

"Binamu! Nafasi ipo sandukuni," mtunza stoo akaita. "Itangulie swichi au uingie wewe?"

"Jizibe mdomo kwa hiyo selotepu!"

Swichi hiyo mpya, mashine ya kuunganisha kompyuta za ofisi, Cheche ndiye aliyeipigia debe mpaka ikanunuliwa. Sasa kila akiiuliza majirani zake wa mtandao, yaani mashine zilizounganishwa nayo, skrini ilirudisha patupu. Bosi alishakata shauri: mashine irudi kwa muuzaji, na mpiga debe wake atafute kazi kwingine. Gari la mizigo lilikuwa linanguruma uani.

Cheche akaitazama mara ya mwisho. Taa za milango yake, yale matundu ya nyaya, zilikuwa zinamkonyeza, moja, mbili, kundi zima, kama mabinti wenye siri.

"Nyumba isiyo na watu hukonyeza?" akauliza.

"Umeanza kuongea na vyuma. Pole, binamu."

Lakini Cheche alikwisha rukia kibodi. Swichi ina chipu tatu! Na kila chipu ina chumba chake cha mtandao, na majirani wake. Asubuhi nzima alikuwa akipiga hodi barazani! Akaandika amri ileile, safari hii akitaja chumba cha kwanza. Majirani wakamwagika kwenye skrini. Chumba cha pili, vivyo hivyo.

"Wapo! Binamu, wamejaa tele!"

Chumba cha tatu: bubu. Akachungulia. Mlango ulikuwa umefungwa, na amri aliyoitoa asubuhi ya kuufungua ilikuwa imeishia nje, barazani. Akairudia, akataja chumba, akabonyeza.

Taa ikawaka. Cheche akaruka, akamshika binamu yake mikono, wakazunguka mpaka selotepu ikawafunga miguu. Bosi akawakuta hivyo, wamefungwa pamoja, hawajiwezi kwa kicheko.

"Imepona?"

"Haikuumwa, mama! Mimi ndiye sikuingia ndani."

Bosi akasoma skrini polepole, chumba hadi chumba, kisha akachungulia dirishani na kumwashiria dereva aondoke. "Utabaki. Ila mwezi ujao inakuja yenye chipu sita."

"Mama, nakuahidi," Cheche akasema akihema, "nitapiga hodi vyumba vyote sita kabla sijakuambia hakuna mtu!"