Jengo Lililokataa Kuanguka

Mwanamke aliyekuwa akivunja zege kwa riziki hakuwa na umbo la mtu wa kuvunja kitu. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sauti ya mtu anayeuliza njia. Kazini walimwita Mama Zege, na jina lilimkaa hata mumewe, kinyozi, akawa anamwita hivyo mbele za wateja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila zege la ghorofa lilipomwagwa, mafundi walichota kidogo wakajaza vikasha vya chuma. Likishaganda, wakaleta maabara vipande vyenye pande sawa, kila kimoja kizito kama mtoto wa miezi minane. Mama Zege alivitia alama, akavilaza ndani ya birika la maji mpaka vitimize siku ishirini na nane, kisha akavipandisha kimoja kimoja kwenye mashine ya kubana. Mashine ilibana mpaka kipande kikasalimu amri. Zege zuri hupasuka kwa kishindo. Zege baya halina makeke. Humomonyoka likamwagika pembeni kama mkate wa juzi. Alikwisha kuvunja maelfu, na angeweza kukutajia namba kwa kusikia tu, amekupa mgongo anakunywa chai.

Asubuhi moja alivunja vipande vitatu vya nguzo za jengo la ghorofa saba lililokuwa likipanda jirani na stendi ya mabasi. Nguzo zile zilitakiwa zivumilie ishirini na tano. Namba hiyo ina jina lake refu la kitaalamu, lakini pale maabara waliitaja hivyo hivyo, tupu. Kipande cha kwanza kilitoa kumi na nne. Cha pili kumi na tatu na nusu. Cha tatu kumi na nne tena. Alifuta mashine, akachukua kipande cha jengo lingine akakibana, kuhakikisha si mashine iliyougua. Mashine ilikuwa nzima. Akaandika kumi na nne kwenye fomu, akatia sahihi, akaipeleka ofisini.

Saa sita haijagonga, akaitwa.

Mwenye maabara alikuwa Mkurugenzi kwa wafanyakazi wote, ila kwa Mama Zege alikuwa Spika. Walisoma pamoja chuo cha ufundi, na jina hilo alilipata huko. Mwaka wao wa pili mitihani ilivuja, watoto wa wakubwa wakainunua mapema, na ni yeye aliyepanda juu ya meza ya bwalo akasema hataingia chumba cha mtihani uliouzwa kama nyanya. Wanafunzi sitini walimfuata, Mama Zege mmojawapo. Walirudia mwaka mzima kwa ajili ya maneno yale, na hakuna aliyejuta. Walikuwa bado na umri wa kutojuta.

"Kaa, dada," Spika alisema. Fomu ilikuwa mezani mbele yake. "Hii iandike upya."

"Niandike nini?"

"Ishirini na sita. Ishirini na tano kavu itatia watu shaka."

"Jengo limefika ghorofa ya nne, Spika."

"Ndiyo maana nakwambia. Unajua kulibomoa maana yake nini? Na mwenye jengo hana shida na sisi. Tukikataa, atavuka barabara tu, maabara ya pili atapewa ishirini na sita yake kabla chai yake haijapoa. Jengo litapanda vilevile. Sisi ndio tutakaobaki tunapigwa na jua. Watu kumi na tisa wanakula hapa, dada."

"Tulirudia mwaka," alisema Mama Zege.

Spika alicheka, wala hakikuwa kicheko kibaya. "Tulirudia, ndiyo. Na walionunua mtihani ndio leo wanaotupa kazi. Mimi sijabadilika, usinifikirie vibaya. Kilicho sawa nakijua mpaka leo. Ila mwenye nyumba hajawahi kuja kudai kodi nikamlipa kwa kujua. Penye udhia penyeza rupia. Msemo huo nimeukuta, sikuutunga mimi."

Akamsogezea kalamu.

Mama Zege aliitazama. Aliingoja hasira ije, au woga, kama mtu anavyongoja chafya, na chafya haikuja. Feni ilizunguka darini. Nje mtu alikuwa anarudisha lori nyuma, mwingine anampigia kelele za kumwelekeza. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya goti na haukuinuka.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Mkono hauendi."

Spika alikuna kidevu. "Haya. Rudi kazini. Nitampa Mrefu."

Mrefu alikuwa fundi aliyefundishwa kazi na Mama Zege mwenyewe, miaka sita bega kwa bega. Jioni alimfuata penye bomba la kunawia mikono, amejikunja kama anayeingia mlango mfupi.

"Mama, nimesaini."

"Najua."

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao."

"Najua, mwanangu. Kesho kuna vipande sita vya daraja, uwahi."

Mama Zege aliandika barua kuhusu nguzo zile kwenda ofisi ya majengo ya jiji. Karani wa pale aliigonga muhuri wa kupokelewa, akampa nakala, akasema itafanyiwa kazi. Mama Zege alirudi baada ya mwezi. Akarudi tena. Mara ya tatu karani alimwona tangu mlangoni, akamwambia kwa upole, "Bado, mama." Hakurudi mara ya nne. Mkataba wake wa maabara ulipokwisha, haukuongezwa. Hakukuwa na ugomvi. Walimnunulia keki na soda, na Spika akatoa hotuba fupi akimsifu kwa kuwahi kazini.

Aliyeumia kwanza, kama kuumia ndiko, alikuwa mumewe, kinyozi. Tena aliumia kwa furaha. Saluni yake ilikuwa na viti viwili na kioo kilichopasuka kona, na kwa wiki nyingi hakuna kichwa kilichoinamishwa pale bila kusikia habari ya mkewe. "Wameweka kalamu mbele yake, bwana! Kalamu! Akawaambia, mkono wangu hauendi. Mke wangu hanunuliki." Wateja walitikisa vichwa mpaka akawaomba watulie asije akawakata. Mmoja alisema nchi ingekuwa na watu kumi tu kama huyo. Mwingine, mfanyabiashara wa vipuri, alisema asiyenunulika ni yule ambaye hajatajiwa bei yake, na wakabishana mpaka dawa ya nywele ikakauka kichwani mwa mtu.

Mama Zege alisikia haya akimpelekea mumewe chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi. Ilikuwa kama kusikia habari za mwanamke wa mtaa mwingine, mtu mzuri, angependa kukutana naye siku moja.

Miezi ikaenda. Mkono mtupu haulambwi, na mshahara mmoja ukijitoa nyumbani kila kitu husogea kujaza nafasi yake. Walihama kutoka vyumba vitatu kwenda viwili. Binti yao aliahirisha chuo, akasema hana haraka, akasema vizuri mno. Kinyozi aliendelea kusimulia kisa cha kalamu, ila kisa kilikuwa kinafupika. Kwanza kilipoteza feni, kisha keki, kisha maneno ya Spika. Mwisho kilibaki sentensi moja: "Mke wangu aliacha kazi kwa sababu ya msimamo." Halafu siku moja mteja mgeni alimuuliza mkewe anafanya kazi gani, naye akasema, "Yupo nyumbani," akaendelea kunyoa.

Hatimaye Mama Zege alipata kazi dukani, kuchanganya rangi za nyumba. Mteja alileta kipande cha kitambaa au picha kwenye simu, naye akapima matone ya rangi mpaka ikafanana. Aliifanya vizuri. Malipo yalikuwa theluthi ya yale ya maabara.

Na jengo? Jengo lilikwisha. Lilipakwa rangi ya maziwa na kahawia, likafungwa lifti na taa za ngazini zinazowaka zenyewe mtu akipita. Kila siku Mama Zege alipita mbele yake akienda dukani. Mwanzoni alikuwa anavuka barabara na kupita upande wa pili. Baadaye, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa na mtaro wazi, akaacha kuvuka.

Mwaka wa pili mdogo wake alikuja nyumbani amejaa furaha. Yeye na mumewe wamepata nyumba. Ghorofa ya tano. Maji masaa yote, baraza mbili.

"Jengo gani?" aliuliza Mama Zege, ingawa alikwisha kujua.

Mdogo wake alipomtajia, kinyozi aliinuka akaenda kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani.

"Usihamie pale," alisema Mama Zege. "Nguzo zake nilizivunja mimi. Ziko nusu, na kidogo tu zaidi."

"Dada, na wewe!" Mdogo wake hakukasirika, alimshika mkono. "Miaka miwili sasa. Limepigwa na mvua zote. Watu wamejaa, kuna daktari anakaa mle. Kwako wewe kila kitu kitaanguka. Njoo tu uone."

Alikwenda na kinyozi, kwa kuwa ndugu ni ndugu na asiyekwenda huulizwa. Ilikuwa Jumapili mchana. Sebule ilikuwa pana, madirisha makubwa, na katikati, karibu na kochi, ilisimama nguzo iliyopakwa rangi aliyoichanganya yeye mwenyewe dukani, aliitambua. Watoto waliizunguka wakikimbizana. Shemeji yake, mtu wa mizaha, aliinuka akaruka mara mbili sakafuni kwa uzito wake wote, vikombe vikalia.

"Bado ipo!" alisema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mama Zege alicheka pia. Aliona kinyozi anamtazama, akamwashiria ampitishie maji. Walikula wali, wakazungumza bei ya shule. Katikati ya mazungumzo alijikuta anatamani kitu, kitu kidogo, hata ufa wa unywele kwenye plasta. Alipogundua anachokitamani, watoto wakiwa mle ndani, alingoja aone aibu. Aibu nayo haikufika. Akaongeza wali.

Wakiwa wanashuka, lifti ilisimama ghorofa ya pili na mlango ukafunguka. Aliyeingia, na mfuko wa taka mkononi, alikuwa Spika, amevaa kandambili.

Walisalimiana. Spika alimsalimu kinyozi kwa mikono miwili.

"Umekuja kumtembelea mtu?" Mama Zege aliuliza.

"Nakaa hapa. Mwaka sasa. Mwenye jengo alinipa kwa bei nzuri."

Lifti ilishuka taratibu.

"Na mama yako, bado mnakaa pamoja?"

"Yupo ndani, amelala. Miguu inamsumbua."

"Unalala usingizi, Spika?"

Spika alifikiri, kama Mama Zege alivyofikiri siku ile ya kalamu. "Nalala. Mwanzoni nilikuwa naamka. Sasa nalala. Wewe je?"

"Nalala vizuri tu."

Chini, penye mapipa ya taka, Spika alitupa mfuko wake, akajifuta mkono kwenye suruali. "Mrefu ameondoka," alisema. "Amefungua maabara yake, amenichukulia wateja wawili. Sina mtu anayeijua ile mashine. Rudi, dada. Mshahara wa zamani na nusu yake juu."

"Sitasaini."

"Nani kasema usaini? Wewe vunja tu. Wa kusaini nitamtafuta."

Kinyozi alikuwa amesimama hatua tatu mbele, mgongo wake umewageukia, anasoma kwa makini tangazo la kupotea kwa paka. Mama Zege alitazama shingo yake. Alikuwa ameinyoa mwenyewe kwa kutumia vioo viwili, na upande mmoja umepanda juu kuliko mwingine.

"Nitakuja Jumatatu," alisema.

Njiani hawakusema mengi. Karibu na nyumbani kinyozi alisema, "Si utakuwa unavunja tu," naye akasema, "Ndiyo, navunja tu," wakaafikiana hivyo. Mwezi uliofuata binti yao alijiandikisha chuo.

Maabara haikuwa imebadilika, ila birika lilikuwa na nyufa zilizozibwa kwa lami. Aliyeletwa kuandika na kusaini alikuwa mzee mmoja mstaarabu, aliyepunguzwa kazi benki, mwenye mwandiko wa kupendeza. Alikaa kwenye meza ndogo nyuma ya Mama Zege. Mashine ilibana, kipande kikavunjika, na Mama Zege akataja namba kwa sauti, wazi, bila kugeuka. Nyingi zilikuwa nzuri. Nyingine alizitaja vivyo hivyo, kumi na saba, kumi na sita, na kalamu nyuma yake ilikwaruza karatasi kwa muda ule ule.

Wiki ya tatu mzee aliweka kalamu chini. "Bibi, samahani. Unanitajia namba, na mimi wakati mwingine naandika nyingine. Unajua?"

"Najua."

"Huoni vibaya?"

Mama Zege alivua glavu. Alijitafuta ndani, kwa bidii kabisa, kama mtu anayepapasa rafu ya juu asiyoiona. Mle ndani hamkuwa na kitu cha kumpa.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la kivulini. Mzee alifungua kopo lake, akamsimulia habari za jino lake la nyuma, jinsi daktari alivyotaka kuling'oa na yeye akakataa. Mama Zege alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama bado linauma. Mzee akasema halimuumi tena, limekufa ganzi. Wakamaliza kula, wakarudi ndani, kwa kuwa vilikuwa vimebaki vipande vinne.