Mishikio Mipya ya Fundi Mizani

Fundi Mizani hakuwa na gari. Hakuwa na cheti cha chuo, maana ufundi wake aliupata kwa kusimama nyuma ya mabega ya wengine na kwa kusoma vitabu vya kuazima. Hakuwa na miwani ya akiba, hakuwa na ndugu wa kiume aliye hai, hakuwa na tabia ya kulalamika, na hakuwa na mtu ambaye angediriki kumfungulia siri yake. Na kwa wiki tano sasa hakuwa na hisia katika vidole viwili vya mkono wa kulia: cha pete, na kile kidogo cha mwisho.

Mtu mwingine angeishi bila vidole hivyo na maisha yakaendelea. Yeye alikuwa akitengeneza mizani ndogo za kupimia dawa, zile ambazo mikono yake ya shaba hukalia ukingo wa chuma mwembamba kama wembe. Kila fundi katika karakana ile, akishamaliza kupima kwa mawe ya mizani, alipitisha vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, uliozoezwa kazi hiyo, juu ya ukingo. Hakutumia vidole vingine, kwa sababu vile vitatu vya mwanzo vilikuwa vimeota sugu za tupa na bisibisi, vimekuwa kama kwato. Vidole vya mwisho hubaki na ngozi ya mtoto. Kama ukingo umebaki na unywele wa chuma, hata usioonekana kwa macho, vidole hivyo vinaujua. Mawe yanaweza kuipitisha mizani yenye unywele leo, na baada ya mwezi ikaanza kukwama na kusema uongo.

Kidole kikiridhika, fundi alifunga mizani kwa muhuri mdogo wa risasi wenye namba yake. Namba ya Fundi Mizani ilikuwa kumi na saba. Alikuwa nayo kwa miaka thelathini na moja, na haikuwahi kurudishwa hata siku moja.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba baba yake pia alianzia kwenye kidole kidogo. Mwaka wa kwanza mzee yule alishindwa kufunga vifungo vya shati. Mwaka wa pili alishindwa kushika kijiko. Mwaka wa tatu alikuwa akitazama mikono yake mapajani kama mtu aliyeachiwa mizigo ya wengine aiangalie.

Asubuhi moja alijifungia bafuni na pini ya kushonea. Alijichoma ncha ya kidole kidogo. Hakusikia kitu. Akachoma zaidi. Tone la damu likatoka, likasimama, likateremka mpaka kwenye kiganja, naye akalitazama kana kwamba linamtoka mtu mwingine. Akakaa kwenye ukingo wa ndoo.

"Baba Mapacha!" mkewe alibisha. "Umehamia humo? Tukuletee na kitanda?"

"Natoka, Mama Mapacha."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Na kikombe cha jana kilivunjwa na nani, paka? Paka hatuna."

"Kiliteleza."

"Vikombe vya nyumba hii vinateleza siku hizi. Zamani vilikuwa na adabu."

Aliinyonya damu, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto na kumpita akitabasamu, tabasamu ambalo mkewe hakulirudisha.

Alikuwa akienda kazini kwa baiskeli tangu karakana ilipohamishiwa eneo la viwanda. Ni dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, na nusu ya njia ilikuwa kokoto na viraka vya lami. Miezi ya mwanzo viganja vilimuuma, basi akafanya kile alichoona ni busara: akanunua mishikio minene ya sponji, laini kuliko yote dukani, akaivika kwenye usukani. Maumivu yakapungua. Hakujua kwamba yalipungua kwa sababu mkono ulikuwa unakufa ganzi.

Siku ya Jumamosi alipeleka baiskeli ikazwe breki kwa fundi mmoja mwanamke, mnene wa mikono, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gia. Alipokuwa akisubiri, alikuwa akiutikisa mkono wa kulia bila kujijua.

"Baba, unakung'uta nini?" Mama Gia alimuuliza bila kuinua kichwa. "Maji hujanawa."

"Mkono umelala tu."

"Basi uamshe, kumekucha zamani. Umelala tangu lini?"

Alitaka kusema tangu asubuhi. Mdomo ukasema, "Wiki tano."

Mama Gia aliweka spana chini. Alichukua chaki ya buluu ya kutilia alama matairi, akamshika kiganja na kukipaka chote, kama anayepaka ukuta. "Sasa panda. Shika usukani kama unavyoushika barabarani. Usinidanganye. Shika kwa woga wako wote."

Alipanda, akashika. Woga wote ulikuwepo, haukuhitaji kuitwa. Alipoachia, chaki ilikuwa imebaki karibu kiganja kizima, isipokuwa mahali pamoja palipofutika kabisa: kwenye mto wa nyama chini ya kidole kidogo, karibu na kifundo cha mkono. Mama Gia alipabonyeza hapo kwa kidole gumba. Kitu kama cheche kilikimbia mpaka kwenye ncha ya kidole kilichokufa, na Fundi Mizani akapiga ukelele.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema, na macho yakamlowa.

"Hapo panapita mshipa wa fahamu wa vidole hivyo viwili. Wewe unaukalia dakika themanini kila siku."

"Lakini nimeweka sponji! Laini kabisa!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Sponji inazama. Ikizama, mfupa unafika chini, mshipa unabanwa katikati. Tena ni nene mno kwa mkono wako, kwa hiyo unaikaba kama kuku anayetaka kutoroka. Na kiti chako, tazama, kimeinama mbele kinakumwaga juu ya usukani. Nani alikufungia baiskeli hii, adui yako?"

"Nilifunga mwenyewe."

"Haya, samahani."

Akalivuta sanduku la bati. Mishikio ya kwanza ilikuwa ya mpira mwembamba, mviringo; Fundi Mizani akaishika, na ncha za vidole zikamchoma kiganja. "Hiyo midogo," Mama Gia alisema. Ya pili ilikuwa minene, na kidole gumba hakikufika kugusana na vidole vingine. Ya tatu ilikuwa ya mpira mgumu kiasi, na upande wa nje ilitandazika kama bawa, ili kiganja kikae juu yake badala ya kuning'inia. Mwishoni ilikuwa na pete ya chuma na skrubu ya kuikaza isizunguke.

"Bawa linabeba uzito," Mama Gia alisema akiivika kwenye usukani baada ya kukinyoosha kiti, "mshipa unapumua. Lakini liweke sawa na mkono wako, kifundo kisipinde juu wala chini. Na usikabe. Shika kama unavyomshika mtoto mkono kuvuka barabara, si kama unavyomshika mwizi."

Fundi Mizani akauliza lile alilolibeba siku zote. "Ni ugonjwa? Baba yangu..."

"Mimi ni fundi baiskeli, baba. Panda hivi wiki mbili. Vidole visipoamka, nenda hospitali, usije kwangu nikupake chaki."

Wiki ile ya kwanza ilikuwa ndefu. Kwanza alijiona mjuzi akayainua mabawa kidogo, maana yalimpendeza yakiwa yamesimama, na kifundo kikamuuma mpaka akayarudisha alivyoelekezwa. Kila asubuhi alijichoma kwa pini bafuni. Kila asubuhi pini ilikuwa kimya. Kazini aliomba apewe mizani za nafaka, zile kubwa zisizohitaji kidole, akisingizia kwamba macho yamemchoka. Njiani alihesabu viraka vya lami huku akijisemea: usikabe, usikabe. Alikuwa akimwona baba yake na mikono yake mapajani.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, alipitisha mkono kwenye rafu yake akitafuta tupa. Kidole kidogo kikapita juu ya ukingo wa mizani iliyokuwa ikingoja mwenyewe.

Kikakwaruzwa.

Alirudisha kidole. Ulikuwepo: unywele wa chuma, mwembamba, ukimgusa waziwazi. Alicheka peke yake. Kidole kiko hai! Akavuta pumzi mbili za furaha, na katika ya tatu akaona muhuri uliokuwa ukining'inia kwenye mizani hiyo. Kumi na saba.

Yeye ndiye aliyeupitisha ukingo ule. Aliupitisha kwa kidole kilichokufa, na kidole hakikusema kitu, naye akakichukulia kimya chake kuwa ni ndiyo.

Alilivuta daftari la mizani zinazotoka. Katika wiki zile tano, kabla hajakimbilia mizani za nafaka, alikuwa amefunga muhuri kwenye mizani tano za dawa. Nne zilikuwa bado rafuni. Alizipitia moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa safi. Mbili zilikuwa na unywele.

Ya tano ilikuwa imekwenda wiki tatu zilizopita, kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya watoto.

Shati lilimganda mgongoni. Humo walipima unga wa dawa kwa chembe, kwa miili ya kilo tatu, kilo nne.

"Kumi na Saba, mbona umesimama kama nguzo ya simu?" Huyo alikuwa msimamizi, ambaye mafundi walimwita Bwana Nukta kwa sababu hakuna kosa dogo lililompita.

"Naomba simu, bwana."

Mfamasia aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye haraka. "Mizani yenu? Iko salama, muhuri haujaguswa. Kuna nini?"

"Dada, naomba uiweke pembeni. Sasa hivi."

"Imeharibika?"

"Sijui."

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia. "Hujui," alirudia, na sauti yake ikabadilika. "Baba, sikiliza. Naiweka pembeni, natumia ile ya zamani. Lakini ile haina muhuri, kanuni hainiruhusu kuendelea nayo bila karatasi. Mpaka saa sita. Baada ya hapo nataka barua yenye sahihi ya mwenye namba, au narudi kwenye ile yenye muhuri. Siwezi kuwaambia wazazi warudi kesho."

"Saa sita," alisema Fundi Mizani. "Dada, watoto wa wiki hizi tatu... wamekuwaje?"

"Nitapitia majalada yao leo," alisema mfamasia, na simu ikakatika.

Bwana Nukta alikuwa amesikia yote. Alifunga mlango.

"Labda hiyo ni nzima," alisema polepole. "Mbili katika nne zilikuwa nzima."

"Labda."

"Ukiandika barua, namba yako inarudi kwenye droo yangu siku hiyo hiyo. Utaipata tena ukipimwa mikono mbele ya jopo la wakaguzi, na wale hawana huruma na mvi. Na ni lazima uandike sababu. Huwezi kuandika macho."

"Najua."

"Mkono wenyewe umepona?"

Fundi Mizani alikitazama kidole. Alikigusa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kilisikia, kilisikia, kilisikia, kisha kwenye ncha kabisa, karibu na ukucha, kikanyamaza.

"Sijui," alisema kwa mara ya pili asubuhi ile.

Alikaa mezani akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, aliujivunia siku zote, lakini siku hiyo herufi zilisimama zikiegemeana. Aliandika kwamba mizani iliyofungwa kwa muhuri namba kumi na saba isitumike, irudishwe. Aliandika sababu: "Kwa sababu niliipitisha wakati vidole vyangu viwili vilipokuwa havina hisia, nami nilijua kwamba havina." Hapo kalamu ilisimama kwa muda mrefu. Angeweza kufuta maneno ya mwisho. Barua ingetosha bila hayo, na jopo lingemwona mtu aliyeumwa tu, si mtu aliyeficha. Hakuyafuta. Akatia sahihi na tarehe.

Desturi ya karakana ilikuwa kwamba fundi haruhusiwi kupeleka mwenyewe barua ya kurudisha muhuri wake, asije akabadili nia njiani. Tarishi alikuwa nje tayari, pikipiki inanguruma. Ilikuwa saa tano na dakika kumi, na hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa.

"Fundi, harakisha, jua linanikaanga!"

Fundi Mizani aliilamba gundi ya bahasha, akaikunja, akapitisha kidole kidogo juu ya mfuniko wa karatasi kuukandamiza. Sehemu kubwa ya njia aliusikia ukingo wa karatasi. Mwishoni hakusikia chochote. Akarudia kwa kidole gumba, ili awe na hakika kwamba imefungwa.

Akainua bahasha dirishani. Tarishi akaichukua, akaitia kifuani, akaondoka.