Kidole cha Maman Adeline

Ulipita mbele ya biro ile, ofisi ya waliopotea pale Shari. Ukaona mama ameketi, mkono juu ya souris, kile kipanya cha ordinateur, ukainamia simu yako. Usibishe, tulikuona, kama tulivyokuona mwaka ule malori yalipopita yamebeba watu wetu. Basi leo sikiliza.

Asubuhi moja Léontine, fundi wa ordinateur wa biro ile, alimaliza ukurasa wa kutafutia waliopotea, akinywa chai na mkate. Ulikuwa rahisi: unaandika jina la ndugu yako, ukurasa unasikiliza kila kibonye unachogonga, kisha unatafuta. Mstari wa kusikiliza aliunakili kutoka somo moja la Internet. Mstari ule hausikii herufi. Unasikia mahali kidole kilipogonga, kwa mpango wa clavier, yaani kibodi, za Kiingereza, na zetu ni za Kifaransa. Penye A yetu, wao wana Q. Penye M, wana nukta-mkato. Penye é, wana 2.

Wa kwanza kuja alikuwa Maman Adeline wa Rwambuzi. Mwanawe Aimé alikwenda Mahagi-Port kununua samaki, gari likasimamishwa njiani, hakurudi. Mama aliandika jina polepole. Ukurasa ukapokea Qi;2, ukamtafuta, ukampata. Jioni huyo Qi;2 akabisha hodi.

Alikuwa kijana mpole mwenye mabega ya Aimé. Alivua viatu mlangoni, akaomba maji. Majirani walimwita Ki-Deux, yaani Qi na mbili, kwa kuwa nukta-mkato haitamkiki, ingawa mwenyewe akijitaja alinyamaza kidogo katikati. Kisha mtaa wa pili akarudi ;ichel, ambaye mdomo wake hufunguka kabla sauti haijafika. Chris na Prince, ambao herufi zao hazihami, walitafutwa wao wenyewe, na hawajapatikana hadi leo.

Mathieu, mkuu wa biro, alituma rapport Kinshasa: wanarudi. Kilichobaki ni kila familia kubonyeza penye neno FUNGA. Dossier, faili la mtu, ikifungwa, hatafutwi tena.

"Mutoto iko, maman. Bonyeza hapa," Mathieu alimwambia.

"Huyu iko mutoto muzuri," alisema Maman Adeline. "Anateka maji, anasali kunishinda. Lakini haiko Aimé."

"Wengine wanalilia hata kivuli, weye unaletewa mutu muzima unachagua kama nyanya ya soko!"

Mathieu akaushika mkono wa mama, akaukandamiza juu ya souris. Kibonye kikashuka.

"Maman, usitoshe kidole!" Léontine alipiga kelele kutoka nyuma. Alijua alivyoandika: kubonyeza peke yake hakufanyi kitu. Kidole kikiinuka, popote kamshale ka souris kalipo, ndipo dossier inafungwa.

Maman Adeline hakukitoa.

"Patron, iko neno moja tu," Léontine alisema. "Nalibadilisha, ukurasa unasikia herufi zetu, tunatafuta upya."

"Na hawa waliorudi? Kinshasa nitawaambia iko nani?"

Mathieu akabadilisha mot de passe, neno la siri la ukurasa, akamfukuza Léontine.

Tangu hapo mama ameketi pale. Ki-Deux humletea bugali na sombe, anamlisha tonge kwa tonge. Wateja wengine hutumia ordinateur ya pembeni. Asubuhi Mathieu huning'iniza koti na kuuliza, "Bado tu, maman?" Naye hujibu, "Bado."

"Aimé akirudi, miye nitalala wapi?" Ki-Deux alimuuliza siku moja, akimpangusa midomo.

"Mutalala wawili. Kitanda iko kubwa."

Ki-Deux alitaka kumpokea zamu. Wakajaribu kwanza kidole chake kwenye souris ya ordinateur ya pembeni. Souris haikukisikia. Yeye ni mtu wa ukurasa, na ukurasa husikia tu watu wa huku nje.

Mathieu hajabadilisha neno lile la kusikiliza. Kidole cha mama kimevimba, nacho kimeanza kuteleza juu ya souris.

Weye ni mtu wa huku, na kidole unacho. Weka simu chini. Enda Shari, mpite Mathieu bila kumwamkia, laza kidole chako juu ya kile cha mama, kandamiza, halafu umwache atoe chake polepole, alale. Wengine mkasimame mlangoni mpaka Léontine arudishwe kwenye kiti chake. Enda sasa hivi. Na ukishakandamiza, usiinue.