Gauni la Msindikizaji

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, ambaye wodi nzima ilimwita Kasuku kwa kutofunga mdomo, alijitolea kukaa na wajawazito kwa sababu chuo kiliomba watu, na kwa sababu, tuseme kweli, bweni lilikuwa limemchosha. Akapangiwa mshonaji mmoja wa sare za shule. Mimba mbili zilishamtoka, na hii ya tatu ilikuwa inaponea chupuchupu, kwa hiyo daktari aliamuru alale tu, asinyanyuke hata kufuata kitana.

Wiki zikapita. Kasuku alimsuka, akamkanda miguu, akampa umbea wa chuoni alioutia chumvi mpaka mshonaji akamsihi anyamaze, asije akajifungua kwa kicheko. Alimwita Dada, naye akaitwa mdogo wangu. Haya, kamwambie mtu aliyezaliwa peke yake kwamba hayo ni maneno tu. Kasuku aliyashika kwa mikono miwili.

Lakini kila viatu viliposikika koridoni, Dada aliinua kichwa. Alikuwa anamngoja mama yake. Walikosana alipoolewa na mwanaume ambaye mama hakumtaka, wakanuniana miaka na miaka. Sasa mume yuko mbali kikazi, na Dada alikuwa amemtuma jirani ampelekee mama habari. Jibu halikuja.

"Uchungu ukinishika, nataka yeye ndiye awe pembeni yangu," alisema siku moja. Kasuku akaitikia, huku moyo ukimuuma: na mimi je?

Uchungu ulianza mchana, mimba ikiwa imekwisha komaa. Chumba cha kujifungulia kina sheria yake: kila mzazi ana msindikizaji mmoja, na gauni la kijani ni moja. Mkunga akamtupia Kasuku. Akalivaa haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa. Kazi aliijua. Alimkanda kiuno, akapumua naye, akamfuta jasho, na jamani, alikuwa na furaha mpaka akaona aibu.

Alipotoka kuchota maji akamkuta mwanamke mtu mzima kwenye benchi, amekumbatia kifurushi cha nguo za mtoto. Sura ya Dada ile ile, imezeeka tu. Mlinzi alishamwambia msindikizaji yupo ndani, asubiri. Kasuku akajitia hamnazo, akapita.

Ndani, Dada akauliza kama kuna mtu amekuja.

"Bado," Kasuku alisema.

Dada akageukia ukutani. Uchungu uliofuata aliupokea kimya, bila kupiga kelele, bila kumshika mtu mkono. Kasuku akaita Dada, Dada, hakuitikiwa. Akauona utupu ule, akajua kwamba hata angekanda mpaka mikono ikatike, hangeuziba.

"Nimekudanganya," akasema. "Mama yuko nje."

Akatoka mbio huku anavua gauni. Akamvalisha yule mama, akamfunga kamba mgongoni, akamwonyesha kwenye kiuno chake mwenyewe pa kukanda: hapa chini, kwa nguvu, usiogope. Mama akauliza kama binti yake bado ana hasira naye. Kasuku akamsukuma polepole mlangoni. Kisha akamsikia Dada akisema "Mama", mara moja tu, na kilio chote alichokuwa amekibana kikamtoka.

Kasuku akakaa kwenye benchi, roho juu, kila sauti ya humo ndani akiitikia kwa pumzi zake. Mtoto alipolia, akaruka hadi mlangoni. Mlinzi akamzuia kwa upole, maana wanaoruhusiwa kuingia kuona mtoto ni ndugu tu.

"Wewe ni nani wake?"

Neno lilikuwepo mdomoni, tayari kabisa.

"Si mtu wake," Kasuku akasema, akarudi kukaa, akalia huku ametega sikio, asikose hata sauti moja ya yule mtoto.